Polishi kwenye Goti la Roboti

Harufu ndiyo ilimfikia kwanza, akiwa katikati ya ngazi. Polishi ya viatu. Nzembi hata hakushtuka. Jumamosi mchana mtaani Umoja, nani hapaki viatu vyake polishi akingoja kanisa ya kesho? Akaendelea kupanda, bahasha ya kaki mkononi, ameishika kama mtu amebeba trei ya mayai. Alikuwa amepanga laini kwa saiba karibu masaa mawili akingoja printa iliyokwama imtolee karatasi mbili tu. Mbili. Lakini alikuwa amezipata, na ilikuwa saa tisa na dakika kumi, na madam Khalayi angefika saa kumi. Kila kitu kilikuwa sawa.

Akafungua mlango.

Baba yake, Wathome, alikuwa amekaa kwa stuli karibu na dirisha, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua. Katikati ya magoti alikuwa amebana mguu wa kulia wa Jitu. Mkono mmoja mswaki mkuukuu, mkono mwingine kikopo cha polishi ya kahawia, na hapo sakafuni chupa ya tapentaini, msasa umekunjwa, patasi ndogo, na vumbi jeupe limetapakaa kama mtu amepepeta unga.

"Umerudi," akasema, bila kuinua kichwa. "Nimekumalizia huu mmoja. Huo mwingine utanishikia."

Kumalizia. Hilo neno lilimpiga Nzembi mahali hata hakujua panaweza kupigwa.

Elewa kwanza Jitu ni nini. Jitu ni roboti ya plastiki ya kujiundia, ile kubwa kabisa, ikisimama kwa sakafu inapita goti la mtu mzima. Inakuja kwa boksi ikiwa vipande mia sita na arobaini, vimeshikana kwa fremu, na kila kipande unakikata polepole, unasafisha pale kilikuwa kimeshikana, unakipachika kwa mwenzake. Ndani kuna mifupa, nje kuna ngao nyeupe, na juu ya ngao kuna riveti ndogo ndogo kama punje za mtama. Siku kumi na tisa Nzembi alikuwa amelala na kuamka na Jitu. Alikuwa anatoka kazini kwa duka la simu pale barabara ya Outer Ring, anakula amesimama, anakaa chini na koleo yake. Hakuna tone la gundi alitumia. Hakuna mkwaruzo. Jana Jitu alikuwa amesimama juu ya meza ya sebule, mweupe, mikono kiunoni, na Nzembi akakaa akimtazama mpaka chai ikapoa.

Na hakuwa anamjenga kwa raha. Khalayi, mwenye duka la modeli kule tao, katikati ya jiji, alikuwa amepatia watu watatu seti tatu zinazofanana. Jenga, akawaambia, halafu nipimie. Vipande vinashikana vizuri? Viungo vinakaza? Plastiki ni nzuri ama ni ya kuvunjika? Nijazie fomu, niambie kama niagize zingine thelathini. Katika hao watatu atachukua mmoja, ampe meza yake dukani, awe fundi wa kujenga za maonyesho na kupima kila seti mpya inayoingia. Kazi ya kulipwa kufanya kitu ambacho Nzembi alikuwa akifanya kwa kujificha tangu akiwa form two. Hiyo ndiyo kitu alikuwa anataka. Hakuna ingine.

Sasa mguu wa Jitu ulikuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Baba," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nani alikuambia ushike?"

"Kushika?" Wathome akainua macho. "Kwani kitu ikiwa kwa meza yangu, kwa nyumba yangu, naomba ruhusa kwa nani? Kwa chifu?"

"Hapa kwa paja kulikuwa na vitu vidogo. Viko wapi?"

"Zile chunusi? Nimetoa." Alisema hivyo na fahari kabisa. "Huyo aliyemwaga hii plastiki alikuwa mvivu, mwiitu, binti yangu. Ameacha chunusi paja lote. Nimekwangua na patasi, nikapiga msasa. Hebu pitisha kidole. Pitisha uskie."

"Hizo ni riveti."

"Ni nini?"

"Riveti, baba. Zinafaa kuwa hapo. Hii ngao ni ya chuma, na chuma hushikwa na riveti."

Wathome akagonga paja la Jitu na ukucha. Ko ko ko. "Chuma gani? Hii ni plastiki."

Sasa mtu kama huyo unamjibu nini? Na si ati Wathome ni mjinga. Miaka thelathini na tatu amechonga, kwanza na chama cha wachongaji, sasa kwa kibanda chake karibu na soko ya Jericho. Twiga, simba, vinyago vya watalii, na siku hizi miiko na michi maana watalii hawafiki Jericho. Pale kibandani kuna desturi yao. Kijana akichonga kitu, hakimalizi mwenyewe. Anakiacha kwa benchi, mzee anakuja, anakipitishia msasa wa mwisho, anakipaka polishi na mswaki mpaka ndani ya masikio ya simba, anakisugua na kitambaa, ndipo kinatoka. Mkono wa mwisho ni wa mzee. Kazi ikitoka bila huo mkono inaitwa mbichi, na kutoa kazi mbichi ni aibu ya kibanda kizima. Nzembi alilelewa kwa hilo vumbi. Alijua vizuri sana baba yake alikuwa anafanya nini. Na hiyo ndiyo ilimwongezea hasira, maana hangeweza hata kusema ni uharibifu wa makusudi. Mzee alikuwa amempa heshima, na hiyo heshima ilikuwa inanuka tapentaini.

Tapentaini.

Akaruka. Akaunyakua ule mguu, akaugeuza, akatazama nyuma ya goti. Polishi ilikuwa imejaa mpaka ndani, imefuata mswaki ikaingia kwa kiungo.

"Uliweka hii mafuta kwa polishi?"

"Kidogo, ilainike. Ingeingiaje kwa hizo pembe?"

"Baba, mifupa ya ndani ni plastiki ngumu. Imebanwa na pini. Ikiguswa na tapentaini ikiwa imebanwa vile, inapasuka. Nilishawahi kuharibu mkono wa roboti yangu ya kwanza hivyo hivyo. Inapasuka yenyewe, haingoji hata kuguswa."

"Mimi nimepaka polishi mninga, mpingo, mzeituni. Hakuna kitu imewahi kunipasukia mkononi."

"Hii si mti."

"Si ndio nakuambia. Ni takataka."

Hapo ndipo Nzembi alipaza sauti. Hakupanga. Msichana wa Kikamba amelelewa na bibi, anajua baba hapigiwi kelele hata akichoma nyumba. Lakini ilitoka, ikatoka yote, ati siku kumi na tisa, ati yeye hajawahi kugusa hata mwiko mmoja wa baba pale Jericho bila kuomba, ati yeye akishika patasi ya mtu anachapwa lakini kitu chake kinashikwa na kila mtu, ati hakuna siku hata moja alimuuliza, Nzembi, unajenga nini? Hata siku moja. Anapita tu na gazeti.

Chini kwa ngazi, mama Teresiah, jirani anayesuka watu nywele hapo nje, akaita, "Nzembi, huyo ni babako ama ni kondakta amekunyima chenji?"

Wateja wake wakacheka. Nzembi akafunga mlango na teke.

Akachota maji kwa karai, akaweka sabuni, akaanza kusafisha. Pamba ya masikio, kipande kimoja baada ya kingine, ikiingia nyeupe ikitoka kahawia. Wathome alibaki kwa stuli, mswaki bado mkononi, uso wa mtu ametukanwa kanisani. Saa tisa na nusu. Akaupachika mguu kwa mwili, akamsimamisha Jitu juu ya meza, akamwachilia pole pole, kidole kimoja kimoja. Jitu akasimama mwenyewe. Nzembi akashusha pumzi.

Tak.

Sauti ndogo tu, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili. Halafu Jitu akainama upande wa kulia, polepole, kama ameangusha kitu anakitafuta, akalala juu ya meza na mkono wake mmoja ukining'inia. Goti la kulia lilikuwa limefunguka kuanzia kwa pini hadi ukingoni.

"Umeona?" Wathome akasema. "Sijaigusa. Imepasuka yenyewe."

Kuna hasira inakufanya upige kelele, na kuna ile inakuja baada ya hiyo, baridi, inakufanya upange vitu. Akapanga fomu kwa meza. Akapanga kalamu. Akakunja mikono, akangoja.

Khalayi alikuja saa kumi kasoro dakika mbili. Mama wa miaka hamsini hivi, kichwa amenyoa, raba za kukimbilia, mkoba mgongoni. Akavua raba mlangoni bila kuambiwa, akamsalimia Wathome na mikono miwili, "Habari ya mchana, mzee," na Wathome akampatia kile kiti chenye mto na kuita chai. Kwa wageni alikuwa mtu mzuri sana. Nzembi akaleta thermosi na vikombe.

"Nimetoka kuona hao wengine wawili," Khalayi akasema. "Wote wamenipa kumi kwa kumi, kila laini. Kumi, kumi, kumi. Kama watu wanajaza kadi ya harusi. Sitafuti mtu wa kunifurahisha, natafuta mtu wa kuniambia kitu kabla sijaagiza." Akageukia meza. "Na huyu ameangukaje?"

Nzembi akafungua mdomo. Wathome akamtangulia.

"Plastiki mbovu, madam. Mimi ni fundi, nimechonga miaka thelathini na tatu. Hiyo goti imepasuka yenyewe, hakuna mtu ameigusa. Andika hivyo."

Khalayi akatoa tochi ndogo na kioo cha kukuzia. Akainama. Akaangalia lile goti kwa muda mrefu, kichwa kikienda huku na huku. "Kweli," akasema. "Imepasukia kwa pini. Imekazwa kupita kiasi." Akamtazama Nzembi, na uso wake ukabadilika, ukawa na kitu kama furaha. "Hao wengine hawakuniambia. Wewe peke yako ndio umejenga mpaka goti ikakuonyesha ubovu wake. Na hii rangi hapa, umefanya na nini? Umeichakaza vizuri, kama roboti imetoka vitani kwa matope. Hata umetoa riveti upande mmoja, kama zimeng'oka. Hii ni kazi ya mtu anafikiria."

Wathome akanyoosha mgongo. Akakohoa kidogo, kama mzee amesikia jina lake likitajwa kwa mkutano.

Kazi ilikuwa hapo. Wewe fikiria. Nzembi angenyamaza tu. Angesema asante madam, aandike goti bovu, Jumatatu yuko kwa meza yake tao. Baba ana heshima yake, yeye ana kazi, na nani angejua? Kiwanda kiko mbali, hakina masikio Umoja.

Lakini kusifiwa hayo matope. Siku kumi na tisa za weupe bila mkwaruzo hakuna mtu ameona, halafu dakika arobaini za mswaki ndizo zinaitwa kazi ya mtu anafikiria. Alisikia damu ikimpanda mpaka masikioni.

"Si mimi nimepaka," akasema. "Na goti si bovu."

Khalayi akazima tochi.

"Ni polishi ya viatu, na ndani kuna tapentaini. Nilikuwa nimeenda kuprinti fomu yako. Nimerudi nikapata imepakwa, na riveti zimekwanguliwa na patasi. Goti lilikuwa sawa. Vipande vyote viko sawa, isipokuwa shingo imelegea kidogo na kidole gumba cha kushoto kinatoka ukimgeuza, hiyo ndio ningekuandikia. Goti si bovu."

"Nzembi," Wathome akasema.

"Goti si bovu, baba."

"Unaniita muongo mbele ya mgeni?"

"Sijakuita muongo. Nasema hujui."

Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuitwa muongo. Wathome aligeuza uso kuelekea dirishani, na mishipa ya shingo yake ilikuwa imesimama kama kamba.

Khalayi akaweka kikombe chini. "Sawa, pole pole. Wewe unasema ni polishi. Mzee anasema ni plastiki. Mimi naona goti limepasuka, na nina seti thelathini za kuamua. Nitajuaje?"

Nzembi akautazama mguu wa kushoto. Huo ulikuwa bado mweupe. Riveti zote zilikuwepo. Ulikuwa mguu mzuri kabisa, pengine kitu kizuri zaidi aliwahi kuunda kwa mikono yake, na alijua hapo hapo atafanya nini, na alimchukia baba yake kwa sababu ya hilo kuliko kwa lile la kwanza.

Akauchomoa. "Hesabu, baba."

"Nihesabu nini?"

"Hesabu."

Akalikunja goti la kushoto na kulinyoosha. Wathome hakufungua mdomo mpaka Khalayi akamtazama, ndipo akaanza, kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu. Akafika thelathini. Nzembi akampa Khalayi mguu. Tochi ikawashwa. "Haina kitu," Khalayi akasema. "Iko kama mpya."

Nzembi akachukua ule mswaki. Akauchovya kwa kikopo, akauangushia tapentaini, na akalipaka goti la kushoto mwenyewe, polepole, mpaka ndani ya pembe, vile alivyofundishwa akiwa na miaka saba juu ya masikio ya simba. Akauweka mguu katikati ya meza.

"Tungoje," akasema.

Wakangoja. Wakanywa chai. Khalayi akauliza mzee anatoka upande gani wa Ukambani, Wathome akasema Wamunyu, na mazungumzo yakaishia hapo. Nje watu wa mama Teresiah walikuwa wananyamaza ghafla ghafla, kama watu wanaotega sikio. Dakika kumi. Ishirini. Nzembi hakutoa macho kwa ule mguu. Kuna sehemu yake ilikuwa inaomba usipasuke, na hiyo sehemu nayo ilimkasirisha.

Tak.

Hakuna aliyekuwa ameugusa. Ufa ulianzia kwa pini na kwenda ukingoni, sawa sawa na ule mwingine.

Khalayi akavuta fomu, akachukua kalamu, akaandika. Aliandika muda mrefu. Kisha akasema, bila kutabasamu, "Umeharibu mguu mzima kunionyesha."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu."

"Ungeamini nani?"

Khalayi akafikiria hilo, akaiweka fomu kwa mkoba. "Jumatatu saa tatu. Nitakupatia meza ya dirishani. Lakini huyu unakuja naye umjenge upya pale dukani, nitatafuta miguu mingine. Hapa hapana. Siachi seti zangu mahali mikono ni mingi." Akainuka, akamgeukia Wathome na mikono miwili tena. "Asante kwa chai, mzee."

"Karibu tena," Wathome akasema. Ilitoka kama mtu anakohoa.

Mlango ukafungwa. Raba zikashuka ngazi. Nzembi alikuwa ameshinda. Akachukua gazeti la kumfungia Jitu.

"Ungeniambia pembeni," Wathome akasema, bado ameangalia dirishani. "Mgeni akishaenda. Vitu kama hivyo huambiwa mtu pembeni."

"Nilikuambia pembeni. Tulikuwa sisi wawili. Ukasema ni takataka."

"Mimi nilikuwa nakumalizia."

"Ilikuwa imeisha, baba."

Chini mama Teresiah alikuwa amerudia kelele zake, kuna mtu anaulizwa kama anataka ndefu au fupi. Nzembi akafunga mikono ya Jitu, mmoja mmoja. Akafunga kichwa. Mwili ulikuwa mzito, na gazeti likawa linateleza, akijaribu kuushika kwa kidevu na kuukunjia karatasi kwa wakati mmoja. Wathome akageuka. Akaona. Akanyanyuka kwa stuli na kuja mpaka mezani, mikono imenyooshwa tayari kuupokea, bado na kahawia kwenye kucha.

"Usiguse," Nzembi akasema.

Wathome akasimama hapo. Akaitazama ile mikono yake kidogo, halafu akaitia mifukoni mwa koti, yote miwili, akabaki hapo kando ya meza akimwangalia Nzembi akihangaika na gazeti mpaka akamaliza.